Kitanda cha Ukuta Hadi Ukuta

Jumatatu, 4 Agosti

Wajukuu wamefika kwa likizo. Wanne, na kelele za kumi! Binti yangu mkubwa, mama yao, hakukaa hata kunywa maji. Alinikagua kama daktari wa mifugo — macho, miguu, jiko. Kisha akatoa hukumu: Jumapili anakuja kuwachukua watoto, na mimi pia. Nikaishi kwake, ghorofani. Eti, baba, peke yako humu utakuja kufanya jambo.

Jambo gani? Nimekuwa seremala maisha yangu yote na vidole vyangu vyote ninavyo. Karibu vyote.

Watoto wamelala sebuleni, kila mmoja na godoro lake, kama wagonjwa wodini. Nimekumbuka kile kitanda chetu kikubwa. Wanangu wote walilala humo kwa upana, miguu ya huyu usoni kwa yule, wakigombana mpaka usingizi uwakamate. Mchwa walikila. Basi, nitachonga kingine!

Jumatano, 6 Agosti

Kazi imechangamka! Mbao nimezipitishia dirishani, maana mlango wa mbele unalindwa na Kipaza. Kipaza ni mjukuu wangu wa tatu. Ukikohoa, mama yake anajua kwa simu kabla hujamaliza. Kwa hiyo nimejifungia chumbani, nachonga humu humu. Msumari hata mmoja hakuna. Gundi na vigingi vya mbao tu — kitanda cha kweli.

Kipaza kauliza kupitia tundu la ufunguo, Babu unafanya nini. Nikamwambia napumzika. Akasema, mbona unapumzika kwa nyundo?

Ijumaa, 8 Agosti

Kimekamilika! Ukuta hadi ukuta, hata karatasi haipenyi. Nilikirukia kwa uzito wangu wote, hakikulia. Machozi yalinilengalenga, sitajidanganya. Laiti marehemu mke wangu angekiona.

Nikashika kitasa niwaite watoto.

Mlango unafunguka kwa ndani. Mlango niliouweka mimi mwenyewe! Uligota kwenye kitanda, ukagoma.

Jumamosi, 9 Agosti

Natoka kwa dirisha, naingia kwa dirisha. Bahati yangu sikuwahi kuweka nondo. Jirani yangu mwashi alikuja kuchungulia, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Ushauri wake: tuubomoe. Huyu hata ukimwambia jino linauma atataka kubomoa ukuta. Kukata kitanda? Sithubutu. Kufungua vigingi? Gundi yangu haifunguki, ndiyo sifa yake.

Watoto wanaona hii ndiyo likizo. Tangu asubuhi wanaingia na kutoka kama kuku. Chai nimeletewa dirishani, nikaipokea kama mkata tiketi.

Kipaza keshapiga simu. Nilimsikia: Mama, Babu amejifungia na kitanda. Uongo mtupu! Mimi nimo chumbani mwangu. Waliofungiwa nje ni wao.

Lakini naogopa. Kule ghorofani hakuna pembe hata moja ambapo marehemu aliwahi kukaa.

Jumapili, 10 Agosti

Amekuja. Teksi inamsubiri nje. Mkono mmoja begi tupu la nguo zangu, mkono wa pili msumeno — kaazima kwa mwashi, msaliti yule! Akasema, baba, si nilikwambia utafanya jambo? Nikamjibu, basi nimeshalifanya, sasa niache nikae. Hakucheka.

Akaja kwa dirisha. Gauni likanasa kwenye komeo, watoto wakamsukuma kwa nyuma, akatua kitandani kama gunia. Akapapasa mbao. Akauliza kama ni vigingi. Nikasema vigingi. Akasema tunakata hapa katikati.

Nikamwambia akate, ila aanzie upande wa dirisha, ndiko yeye alikokuwa akilala kwenye kile cha zamani. Akanitolea macho. Upande wa dirisha? Yeye? Yeye alikuwa wa ukutani! Tukabishana hasa. Akapanda, akajilaza ukutani anionyeshe, basi, anionyeshe tu. Kipaza akaruka akalala kando yake. Wengine wakafuata, kwa upana, miguu ya huyu usoni kwa yule. Mimi nikabanwa kati ya mama yao na ukuta. Akaanza kueleza jinsi kaka yake alivyokuwa akimpiga mateke, akafika katikati ya sentensi...

Amelala! Mchana kweupe, joto la kufa mtu, mdomo wazi kama utotoni, msumeno bado kaushika. Nimefurahi mpaka naona aibu. Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ameulalia, una ganzi, na sitauondoa.

Dereva wa teksi ameingiza kichwa dirishani. Jasho linamtiririka. Anauliza, mzee, tunaondoka au vipi? Nimeweka kidole mdomoni. Kisha nimemwonyesha viatu vyake.

Amevua kimoja.