Kutoka Darajani Hadi Tangi la Maji

Jumamosi, 4 Mei

...na tena nilisahau kuandika kwamba anaendesha kwa mkono mmoja, wa pili ameniwekea gotini! Saa nne nzima barabarani na sikuchoka hata kidogo. Mume wangu. Wiki ya saba ya ndoa, na bado nikiandika neno hilo nacheka peke yangu. Tumekuja kuona nyumba yetu inavyopanda – tayari ina madirisha! – na tutakuja kila Jumamosi mpaka iezekwe.

Kazi yangu njiani ni watoto. Mama yao alifariki miaka mitatu iliyopita. Sasa ni wangu. Nilifunga mfuko mzima: kadi, penseli, kamba ya kuchezea vidoleni. Wala haukufunguliwa! Kasuku (miaka minane, hafungi mdomo) alitutegea vitendawili njia nzima. "Mzee kalala barabarani, kila gari linamwinamia." Tukashindwa, tukampa mji. Tuta! Mume wangu nusura atutie mtaroni kwa kicheko. Kidoti, mdogo wake wa miaka mitano, kila kitendawili jibu lake ni kuku.

Kwenye daraja mume wangu akaanzisha mchezo wake: bubu. Atakayesema kabla ya tangi la maji hapati biskuti. Nikashindwa mimi, kwa kucheka. Ana mbinu huyu mwanamume!

Jumamosi, 11 Mei

Bubu tena. Palepale darajani. Kasuku alikuwa katikati ya kisa cha mwalimu wao aliyekalia chaki – akakatika kama redio. Hata kuambiwa hakusubiri. Mume wangu akapandisha vioo, na joto lote lile.

Safari hii sikucheka, nilitazama. Kushoto, kabla ya tangi: nyumba ya njano, baraza, cherehani. Mwanamke kainama, uso sikuuona. Kidoti akapunga kidole kimoja, chini chini, karibu na goti.

Mwanamke! Na watoto wanamjua!

Baada ya tangi biskuti zikatoka, mkono ukarudi gotini kwangu. Nikaugeuzageuza, natafuta sijui nini. Pete ipo.

Jumapili, 12 Mei

Wakati wa kurudi nilimtega. Tulipolifikia tangi nikaanzisha wimbo, kwa sauti, na makofi. Watoto hawakuitikia. Yeye akasema taratibu, "Mke wangu, tunyamaze kidogo." Hajawahi kuniita mke wangu kwa sauti ile. Nikauliza kama kichwa kinamuuma. Akasema ndiyo.

Haumwi kichwa yule. Nampenda, ndiyo maana najua.

Alhamisi, 16 Mei

Mume kazini. Nilikuwa namsuka Kasuku – mtoto anayesukwa hana pa kukimbilia. Nikauliza kama mzaha: mkiongea pale, kunatokea nini?

"Kidoti atamwita bibi."

Bibi gani?

"Yule mama yake mama. Kidoti akimwita, bibi analia. Halafu baba anasimamisha gari, halafu baba naye analia." Akashika kichwa. "Mama mdogo, unanivuta."

Nikalegeza. Mimi niliambiwa upande wa mama yao hakuna mtu. Hakuna! Niliuliza mwenyewe kabla ya harusi, nilitaka nikajitambulishe.

Kumbe nilikuwa namwonea wivu bibi kizee! Nikacheka, halafu nikaacha. Angekuwa mwanamke mwingine, ningejua la kufanya. Anayemficha mama mkwe wake amenificha nini kingine? Au anayefichwa ni mimi?

Jumamosi, 18 Mei

Mume wangu alitangulia jana na lori la mabati. Nikaendesha mimi. Darajani sikusema neno – na wale wawili wakanyamaza wenyewe. Bila biskuti. Hapo ndipo nilipokata kushoto.

Yule bibi alisimama kabla sijazima gari. Mlango wa nyuma aliufungua yeye. Kidoti alipiga kelele moja tu, nyingine ikazama kifuani mwa bibi yake. Utepe wa kupimia ulikuwa shingoni. Akawapima palepale vumbini, mabega, kiuno. "Mmerefuka," akawaambia, "na hamkuniomba ruhusa." Kisha kwangu, bila kunitazama:

"Baba yao anajua?"

Hapana, mama.

"Alikwambia nimekufa?"

Alisema hakuna mtu.

"Heri angeniua." Akakunja utepe. "Nilimwambia akioa nawachukua. Ilikuwa msibani, na msibani mtu husema mengi. Lakini neno hilo sijalifuta."

Moyo ulinilipuka. Nikawarudisha watoto garini. Akashika dirisha. Akasema magauni yao yatakuwa tayari baada ya siku kumi. Niyafuate na watoto, au ayalete yeye mpaka kwenye hiyo nyumba yetu. Anaijua! Hata rangi ya milango anaijua!

Sasa nimekalia ndoo ya rangi, chumba kitakachokuwa chetu. Mume wangu yuko juu ya paa, anapiga mluzi, ananiita nikamwone alivyopendeza na nyundo. Amependeza, jamani! Tulipofika aliuliza watoto walicheza nini njiani. "Bubu," Kasuku alijibu upesi – huku akinitazama mimi, si baba yake. Nami nikanyamaza.

Nimwambie leo? Akijua, hatatupitisha tena njia ile. Asipojua, nami nimekuwa kama yeye. Lakini yule mama nimeshamwahidi, injini inaunguruma, mkono wake bado dirishani: asije yeye. Nitakuja mimi, na watoto wote wawili, kabla mwezi haujaisha.