Mzazi Alisikilizwa

Kakuma, Jumapili baada ya ibada

Dada yangu Wakesho,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetuamsha sote, wewe kwenye baridi ya Wundanyi na mimi kwenye jua hili. Mguu wa Mama umepungua uvimbe? Na kifua chako je? Mimi ni mzima, ingawa wiki iliyopita mtu alirusha jiwe juu ya bati langu. Afadhali habari hiyo uisikie kwangu.

Unajua kazi yangu hapa kwenye tawi la chuo ni ukarani wa mitihani. Wahadhiri wengine huja na kuondoka kama vibarua, na akicheleweshewa malipo mtu anaondoka na karatasi za wanafunzi bila kuleta alama. Mwanafunzi akikosa alama ya somo moja tu, hahitimu. Akiniuliza namwambia aandikie ofisi kuu Lodwar. Lodwar nao wanamwambia arudi kwangu. Basi siku majina ya wanaohitimu yalipobandikwa, wengi hawakujiona. Walivunja madirisha, wakachoma kiti changu, wakamburuta bwana wa maabara kwa tai yake mwenyewe. Ekidor, soja wetu wa lango, alikuja kusimama mlangoni kwangu. Ndipo Lokwang, mwanafunzi kutoka Kaaleng ambaye kila asubuhi hunisalimu "ejok, mama", akarusha jiwe. Dada, nilisikia jinsi lilivyoingia kwenye jicho la Ekidor. Damu ilinirukia kifuani.

Kamati ya nidhamu ilikaa Lodwar. Nilikuwa shahidi, na kwa vile karani wao alikuwa likizo, nikapewa na kalamu. Wakaniuliza, ulimwona? Nikasema nilimwona. Lokwang hakubisha. Sheria ya chuo inataka mzazi naye asikilizwe, na baba yake alikuwa amekuja na lori, shuka begani, Kiswahili hajui. Mkalimani hakuwepo. Mwenyekiti akamtazama Ekidor na bandeji yake. "Wewe si Mturkana? Tusaidie."

Mzee akauliza jambo. Ekidor akatuambia, "Anauliza huyo mtu kijana yake aliumiza iko wapi." Kisha akamjibu mwenyewe, akijigusa kifua.

Mzee aliinuka. Alimpiga mwanawe kwa fimbo, kichwani, mgongoni, mpaka ikavunjika, na Lokwang hakuinua mkono kujikinga. Sisi tulikuwa tunapiga kelele tu. Halafu akavua kile kisu cha duara wanachovaa mkononi kama bangili, akampa Ekidor, akaushika uso wa kijana na kuuinua. Damu ilikuwa inamtiririka hadi kidevuni.

"Anasema nichukue moja," Ekidor akatafsiri, kwa sauti ileile.

Maneno ya Musa, jicho kwa jicho, nimeyasoma tangu utotoni, lakini sikuwahi kuyaona yana makali. Ekidor alikishika kisu kile muda mrefu kuliko nilivyotaka. Mwisho akakirudisha. "Nimemwambia mimi nataka ngamia. Amekubali."

Mwenyekiti akasema mambo ya ngamia si ya kikao. "Andika, mzazi alisikilizwa." Nikaandika. Palepale wakamfukuza Lokwang chuoni, na Ekidor akamwambia mzee. Mzee akaokota vipande vya fimbo yake, akasema maneno machache.

"Anasema mumechukua masomo ya mtoto," Ekidor akasema. "Basi jicho imelipwa. Ngamia hakuna."

Nje nilimuuliza kwa nini hakumficha mzee uamuzi ule, angalau mpaka ngamia wafike.

"Mama, huyo mzee aliniamini na kisu. Sasa nimdanganye na mdomo?"

Tuliporudi Kakuma ndipo lile jiwe la batini likanifuata nyumbani. Ni rafiki zake Lokwang, sauti nilizitambua. Nimeshasema ukweli mara moja, Dada, na sijui kama ninao wa mara ya pili. Nawaombea tu.

Ekidor amerudi kazini. Daktari amesema jicho halirudi. Anayetokea kushoto humshtua, hata mimi juzi aliniinulia rungu. Siku hizi nauzunguka ua wote ili niingie kwa upande anaouona.

Msalimie Mama, na Shemeji, na mama mchungaji. Mwambie mama mchungaji amtaje Ekidor kwa jina kwenye maombi ya Jumatano, na yule kijana pia.

Mdogo wako anayekukumbuka,
Mghoi