Bakari Asipewe Madafu

Dada yangu Mwanaisha,

Shikamoo. Salamu zangu zikukute hapo Likoni ukiwa mzima, na mama pia. Mwili wangu hauna neno, alhamdulillahi, ila baridi ya Uingereza imenikausha, na moyo hautulii tangu uliponiandikia kuwa ndugu yetu Bakari amevimba uso na miguu, na daktari amesema figo zimekufa.

Juzi nilikupelekea simu ya posta, ile ya maneno machache ya kuandikwa, kwamba asipewe madafu. Nakujua, utakuwa umecheka ukasema Athumani ameanza utani wake. Wallahi si utani.

Hospitali hii ninamosukuma vitanda ina mashine ya kuosha damu. Damu hutoka mkononi mwa mgonjwa kwa mpira, ikazungushwa ndani ya maji ya dawa, ikarudi mwilini ikiwa safi, maana figo zake haziwezi tena kazi hiyo. Mashine yenyewe ni moja, na madaktari ndio wanaochagua nani alazwe kando yake. Nilimwombea Bakari nafasi. Walinitazama kwa huruma, basi.

Kulikuwa na mgonjwa mmoja, dereva wa basi, mcheshi kweli. Mkewe alimhurumia akamletea ndizi kwa siri. Asubuhi moyo ulisimama, na kitanda chake nikakisukuma mimi. Daktari mmoja Mhindi, ambaye kwao madafu yapo, alinieleza kuwa ndizi na madafu vina chumvi fulani ambayo figo nzima huitoa kwa mkojo. Figo zikifa, chumvi hiyo hubaki kwenye damu hata moyo ukasimama. Nikatoka mbio hadi posta kukupelekea simu ile. Wewe mwenyewe uliniandikia kuwa mama huangusha madafu kila asubuhi, akampa Bakari akimwambia, "Nwa, mwanangu, dafu laosha figo." Nasi sote tumelelewa hivyo.

Dada, mzuie mama, hata akikasirika. Maji yenyewe Bakari apewe kidogo tu, na ndizi asiguse. Naogopa mno.

Nisalimie shemeji, mumeo, na ami Salimu aliyetusomesha Kurani chuoni, atuombee dua.

Na kama barua hii imechelewa, na Bakari mmeshamzika, usimsomee mama. Asijue kamwe alikuwa akimnywesha nini mwanawe. Mwambie tu nimemshukuru kwa alivyomuuguza.

Ni mimi ndugu yako,
Athumani