Karai Imefunikwa

Mpendwa binti yangu Atieno,

Simu yangu hupokei, na shangazi yako huko Sondu kila nikipiga ananiambia umeenda mtoni. Yawa, mtu gani anaenda mtoni mara tatu kwa siku? Umekuwa kiboko? Basi nimeamua kuandika. Makosa ya herufi uyavumilie. Unajua shule na mimi tuliachana darasa la sita, na si mimi niliyelia.

Unakumbuka ulivyokuwa ukifanyia kazi ya shule kwenye karakana yangu pale Obunga? Mimi nagonga bati, wewe unaandika hesabu kwa chaki juu ya mabati ya watu. Nilikuuliza, "Huyu X ni nani, anayepotea kila siku, na nyinyi kila siku mnamtafuta?" Ulicheka mpaka chaki ikakuanguka. Siku nyingine ukatueleza kwamba minasi mara minasi inazaa plasi. Nikamgeukia mama yako: "Umesikia? Nikikukosea mara mbili, tumepatana." Akasema, "Jaribu uone." Sikujaribu.

Ulipokuwa mwalimu wa hesabu nilitembea Obunga kifua mbele, utadhani hiyo digrii niliisoma mimi. Halafu mwaka huu ukaja karakana umenuna. Wasichana wako wa kidato cha tatu wanaweza kumtafuta X wa kwadratiki, ukasema, lakini ukiwapa grafu yake wanakodoa macho tu. Nikachukua karai jipya, nikalikata katikati kwa mkasi wa bati.

"Baba! Karai ya mtu!"

"Ilikuwa ya mtu."

Ukaiweka ile nusu juu ya bati, ukapitisha chaki ukingoni, mkunjo ukatokea. Ukanieleza taratibu, kama mtoto: X ya mraba ikiwa na plasi, karai limekaa vizuri, na pale chini kabisa ndipo thamani ndogo. Ikiwa na minasi, karai limefunikwa, na pale juu ndipo thamani kubwa, mnayoiita maksimamu. Ukaniambia pia kwamba, kusema kweli, ukingo wa karai si parabola kamili. Nikakujibu kwamba kwangu mimi ni karai kamili.

Kesho yake nililibeba mwenyewe mpaka shuleni kwenu Kisian. Sitasahau darasa lile. Uliligeuza karai huku na huku ubaoni, na msichana mmoja wa mbele akaruka kwenye deski: "Mwalimu, kumbe ni hivyo tu!" Uso wako, mwanangu, ulikuwa uso wa mtu aliyepokea mgeni wake wa siku nyingi.

Sasa nisome polepole. Ulipotoka kwenda kuleta chaki, yule yule msichana wa mbele akaniuliza, "Mzee, kwa mtihani tuandike maksimamu ama?" Na mimi, kwa huu mdomo wangu, nikasema, "Hiyo Kizungu ya nini? Andikeni karai imefunikwa. Mwenye akili ataelewa." Wakacheka. Nilipenda walivyocheka. Nilidhani wamecheka tu.

Kumbe wameandika. Wasichana kumi na mmoja, kwenye mtihani wa pamoja wa shule nyingi: "Karai imefunikwa." Msahihishaji wa shule nyingine akazungusha wino mwekundu, akawapa sifuri kwa jibu hilo. Prinsipo wenu akayasoma majibu hayo mbele ya walimu wote, akakuuliza kama unafundisha hesabu au mapishi. Jioni hukula. Ulisema, "Baba, mimi si mwalimu. Sijui hata hilo neno walilitoa wapi."

Asubuhi ukamwachia prinsipo barua ya kujiuzulu, ukapanda matatu kwenda Sondu.

Hapo ndipo panaponikaba. Uliuliza walilitoa wapi, na mimi nilikuwa mbele yako, tonge la ugali mkononi, nikanyamaza. Mimi ambaye huongea hata msibani!

Juzi nilivaa koti la harusi yangu, nikaenda kwa prinsipo. Nikamwambia, "Hilo neno ni langu. Binti yangu aliandika maksimamu ubaoni, kwa herufi kubwa. Kama kuna viboko, mimi hapa." Hakucheka. Alifungua mtoto wa meza, akatoa zile karatasi, akaziangalia moja moja kama hajawahi kuziona. Kisha akasema, "Mzee, wote kumi na mmoja grafu zao ni sahihi. Darasa la mwaka jana hakuna hata mmoja aliyechora." Akazipanga tena zile karatasi. "Nilimkosea mbele ya watu. Nitasema hivyo mbele ya watu."

Barua yako hajaipeleka popote. Shule zinafunguliwa Jumatatu, na kidato cha tatu bado hakina mwalimu wa hesabu.

Sikuandikii urudi ili mimi nipate usingizi. Ukiwa umechoka na chaki, uza mananasi huko Sondu, nitakuja kula ya bure na kukosoa. Lakini ukiacha kufundisha, uache kwa kupenda kwako. Usiache kwa kuamini kwamba hukuweza. Uliweza, Atieno. Nilikuwa mle darasani, nikaona kwa macho yangu, na jioni ile ulipohitaji shahidi mmoja tu, shahidi alikuwa anatafuna.

Nisamehe. Shangazi yako msalimie, na umwambie hajui kudanganya.

Ni mimi,
Baba yako