Jina Nililoupa Mtandao wa Nyumbani

Doha, Jumapili asubuhi

Mama,

Naanza na kilichopotea, salamu zitafuata. Jumatano ile ya wiki ya kufungua shule, boma letu la Kiptere lilipoteza mama mmoja kati ya wawili, na aliyempoteza ni mimi, nikiwa huku Doha, kwa kidole kimoja juu ya simu.

Sasa chamgei, Mama. Siongiroi kwa kaka yako kukoje? Ule mguu unaokusumbua asubuhi, joto la huko limeutuliza au limeuchokoza? Mvua je? Huku hata wingu hatulijui. Mimi ni mzima wa mwili. Hali ya moyo utaisoma humu.

Nimetumia karatasi kwa sababu kila nikikupigia, simu yako inakatwa, na nikimpigia Mjomba anasema dada yake yuko shambani, hata saa mbili usiku. Sawa. Barua haina kitufe cha kukata. Nampa Rose, ninayefanya kazi naye hapa dobi ya hoteli. Anakuja kesho likizo kwao Bomet, na ameahidi kuifikisha mpaka dukani kwa Mjomba na kuiweka mkononi mwako wewe.

Unanijua nilivyo. Mimi si mtu wa kupewa. Nilifika huku na begi moja nikaanza kwa kukunja mashuka. Leo mashuka ya ghorofa zote yanapita kwa hesabu yangu na hakuna anayebisha. Kwa hiyo waya wa intaneti ulipofika nguzo ya barabarani kwetu, nilitaka kazi ifanywe mara moja na ifanywe vizuri. Unakumbuka rauta ile ya kampuni waliyoifunga sebuleni kwa mke mwenzako, Mama wa Juu aliyenizaa. Ilikuwa inafia mlangoni. Ukuta wa mawe unayameza mawimbi, na mabati yanayarudisha yalikotoka. Nilimwambia mwanao Kibet apime kwa kamba ya ng'ombe kutoka sebule ile hadi mlango wako, akapata mita thelathini na nane, na stoo ya maziwa iko katikati.

Nilisoma habari za vifaa hivi wiki nzima ndani ya basi la kazini. Kuna vile vya kurudia mawimbi tu, rahisi, lakini vinakula nusu ya kasi, na ukitoka nyumba hii kwenda ile simu inang'ang'ania kile cha nyuma kama mbuzi kwenye kamba. Halafu kuna hii inayoitwa mesh. Ni visanduku vinavyosemezana vyenyewe, vyote jina moja, na wewe ukitembea vinakupokezana bila hata kujua. Mwenye duka alitaka kuniuzia viwili. Nikamchorea boma nyuma ya risiti: nyumba ya mawe juu, stoo ya maziwa katikati, nyumba yako chini, majani chai pande zote.

Akauliza, "Hizi ni nyumba tatu za watu tofauti?"

Nikamjibu, "Hapana. Ni boma moja." Akafunga vitatu.

Hilo nililitamka mwenyewe, Mama. Sikufundishwa na mtu.

Na siku ya kuvifunga, tulicheka! Kibet alikuwa ameshika simu, mimi naamrisha kutoka huku. Kimoja sebuleni kwa Mama wa Juu, waya unapoingilia. Cha pili stoo ya maziwa, rafu ya juu kabisa, hilo ni agizo langu. Cha tatu kwako, kwenye lile dirisha la mbao, maana nyuma ya mabati kingekuwa kipofu. Kibet akaita, "Dada, taa imekuwa ya machungwa. Imekataa." Wewe ukamwambia, "Iache. Hata ng'ombe wa kununua hukataa boma siku ya kwanza." Kisha ukanigeukia kwenye simu: "Hii kitu mnaita wifi. Umeniletea wifi mwingine? Dada za baba yako walinitosha!" Mama wa Juu alicheka mpaka akashika ukuta. Taa ikawa nyeupe.

Wiki zile zilikuwa nzuri. Ulikuwa unanipigia wewe kabla ya aliyenizaa. Ulinionyesha ndama, ulinionyesha kabati uliyopaka rangi, ulinionyesha uji ukichemka bila sababu yoyote.

Halafu shule zikafunguliwa, na simu za jioni zikaanza kukwama. Nikimpigia Mama wa Juu nikitoka kazini, naye yuko jikoni kando ya stoo ya maziwa, uso wake unaganda, mdomo wazi, jicho moja limefumba, na sauti yake inanifikia vipande vipande. Mama, ninakaa huku kwa ajili ya ile nusu saa ya jioni. Nikanyimwa hiyo. Nikafanya kile ninachokijua: nikapima. Asubuhi kasi ilikuwa nzuri. Kuanzia saa kumi jioni ilishuka hadi robo. Nani anaingia nyumbani saa kumi? Watoto wa Kibet wanatoka shule, na wa majirani nyuma yao, wote wanajaa kwako kutazama katuni. Hesabu ikakubali. Na hesabu ikikubali, mimi siulizi mtu.

Nikafungua programu ya visanduku wakati wa chakula cha mchana. Ina sehemu ya kugawa mtandao mara mbili: mmoja wa wenye nyumba, wenye kasi yote, na mwingine wa watu wanaopita, uliofungwa kasi. Nikaugawa. Simu zote za nyumba yako nikazitoa kwenye ule wa kwanza, na pasiwadi mliyoizoea nikaihamishia wa pili. Programu ikaniuliza majina. Wa kwanza nikaandika NYUMBA KUBWA. Wa pili nikaandika WAGENI. Nikabonyeza, nikamaliza wali wangu, nikarudi kwa mashuka.

Nikisema nilitafsiri tu maneno ya programu, nitakuwa nimesema kweli nusu. Ni kweli programu yenyewe inasema mgeni, kwa Kiingereza. Ni kweli pia kwamba kwa nyumba kubwa nilimaanisha ile ya mawe, kubwa kwa vyumba. Lakini mimi nilizaliwa bomani, si hotelini. Ninajua nyumba kubwa kwetu ni ya mke gani: wa kwanza, si wa pili. Baba aliyakataza maneno hayo, kubwa na ndogo. Ndiyo maana tulikua tukisema Mama wa Juu na Mama wa Chini, kwa mteremko tu, kama vile mtu anavyosema mto uko kule. Na nilipokuwa nikiandika lile neno la pili, nilikuwa na hasira, na nilijua ni simu za nani nilizokuwa nikizihamisha. Hapo ndipo aibu yangu inapokaa. Haikai kwenye tafsiri.

Yaliyofuata nimeambiwa na Kibet, na ilinibidi nimbane. Alasiri ileile wamama wa kikundi chako cha kanisa walikuja kwako kunywa chai. Mmoja akaomba mtandao. Ukamwambia kwa furaha, "Chagua ya nyumbani, binti yangu ndiye alileta." Naye akasoma kwa sauti, hana hata nia mbaya: "Iko Nyumba Kubwa, na iko Wageni. Wewe uko gani, Mama Kibet?" Ukampa pasiwadi yako. Nyumba Kubwa ikakataa. Wageni ikafunguka. Mwingine akasema, "Basi leo sisi wote ni wageni!" wakacheka, wewe ukacheka nao, ukamalizia kumimina chai, ukawasindikiza mpaka barabarani.

Kisha ukakichomoa kisanduku dirishani, ukakipangusa kwa leso, ukakipeleka juu. Mama wa Juu alikuwa anachambua mboga. Ukamwekea mezani ukasema, "Rudishia wenyewe. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi hapa jembe nilipewa siku ya kwanza." Asubuhi ulikuwa umekwenda kwa kaka yako.

Nilipompigia Mama wa Juu nikidhani atanitetea, aliniambia hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Mimi na yule tuligawana mume, tukagawana shamba, tukagawana chumvi wakati wa njaa. Hatukushindana. Umekuja kutushindanisha wewe na kisanduku." Akazima mtandao wote kwenye soketi. Siku nne nikawa sioni uso wa mtu yeyote wa nyumbani.

Alipouwasha tena, ilikuwa jioni, watoto hawako, nyumba yako imefungwa. Nikapiga. Uso ukaganda, mdomo wazi.

Nikamwambia Kibet aende stoo ya maziwa aangalie kile cha katikati. Akaingia, akasema, "Dada, sikioni. Mtungi uko mbele yake." Ule mtungi mkubwa wa chuma wa kupelekea maziwa, Mama. Asubuhi uko barabarani. Likizo watoto walikuwa wakiupokea, wakiuosha na kuuacha nje; tangu shule zifunguliwe, Kibet akirudi nao hufanya kazi zingine kwanza. Mchana unaoshwa, unaanikwa juani, na saa kumi jioni unapandishwa kwenye rafu ya juu, mbele kabisa ya kisanduku, mahali nilipoamrisha mimi kikae. Chuma kimesimama kati ya sebule na kisanduku kinacholisha jikoni, unategemea nini? Kibet akausogeza mtungi. Uso wa Mama wa Juu ukatulia, nikaona hadi nyuzi za kitambaa chake cha kichwa.

Basi ilikuwa hivyo. Watoto hawakunilia chochote. Nilikufanya mgeni katika ardhi ya mume wako kwa sababu ya mtungi wa maziwa. Nilikaa chini sakafuni, katikati ya mashuka ya watu, na wasichana ninaowasimamia wakadhani nimefiwa.

Mjomba alinijibu vizuri mara moja tu, akanipa maneno yako: "Msichana ambaye kesho ataolewa ahamie kwa watu, ndiye ananiita mgeni?" Yaliniuma. Sitajifanya hayakuniuma. Nina miaka thelathini na sita, sijaolewa, na nimejenga nyumba ya mawe mahali ambapo wazee wengine bado hawajui waniite nani. Ulijua pa kunipiga. Lakini nimekaa nayo, na siwezi kuyapinga. Kati yetu wawili, mwenye begi nyuma ya mlango ni mimi.

Nina langu la kulalamika pia, nalo nitalisema, maana hukunilea niseme nusu. Kibet aliyaona majina yale siku ileile, akanyamaza. Mama wa Juu hasomi simu, sawa. Lakini wewe! Wewe uliyenibeba mgongoni ukichuma chai, uliyenichapa kwa kumdanganya karani wa mizani, ulishindwaje kunipigia uniite mjinga? Ningeyafuta kabla chai ya wamama haijapoa. Uliniadhibu kama mtu wa nje, kwa adabu na kimya. Mtoto hupigwa kelele, Mama. Nipigie kelele.

Nimekwisha kuyafuta. Mtandao ni mmoja tena, kasi moja kwa kila simu, na jina lake ni zile herufi na namba za kiwandani ambazo hazimwambii mtu aketi wapi. Kibet amepigilia rafu nyingine ya mtungi. Kisanduku chako kiko juu ya kabati kwa Mama wa Juu. Hataki kiguswe na mtu isipokuwa wewe. Sasa wikendi anashuka mwenyewe kufagia mbele ya mlango wako, na goti lile bovu analo, na ukimwambia aache anauliza unataka majani yamee mpaka wapi.

Nisalimie Mjomba, mwenye duka la dawa za mifugo, na umwambie simchukii kwa ile "shamba" ya saa mbili usiku. Nisalimie mkewe, anayekupikia. Nisalimie bibi yetu, mama yako; kama bado anauliza mimi ni yupi, mwambie ni yule mrefu anayependa maziwa ya mursik. Kongoi, asante kwa kunilea.

Sasa la mwisho. Jumamosi jirani yetu anapeleka ndama Siongiroi kwa pikapu, inarudi tupu. Kibet atakuwa ndani yake. Kuna nafasi yako mbele, na nyuma kuna nafasi ya kuku na godoro. Dereva anataka kujua Alhamisi. Alhamisi kabla ya saa mbili usiku nitakuwa nimekaa na simu mkononi, na kazini nimeshaomba ruhusa. Sitaki niambiwe uko shambani, na sitaki unitumie Mjomba. Nataka neno moja kwa mdomo wako, hata ukiniambia hapana nitalipokea nimesimama.

Unarudi nyumbani, au hurudi?

Mtoto wako,
Chelangat