Yangeyange Jikoni Mwangu

Jumatatu, 3 Juni 1957

Subhanallah! Leo nimeona. Tangu nihamie hapa Garsen na bwana wangu Mahmud, dresa, mfunga vidonda wa zahanati, sijaona ila tope na mbu. Kila siku naililia Kipini, kwetu pwani. Leo Darmi, binti wa Kiorma aniletaye maziwa, kanishika mkono: "Mama, kuja. Kuja tu uone." Tukapanda mtumbwi wa jirani yetu Uledi, akiwa na mwanawe Tuneya. Tukapita juu ya mashamba — juu! mto umefurika, mahindi yote chini ya maji — mpaka ziwani.

Miti myeupe. Nikadhani imechanua. Kisha mti mmoja ukaruka! Yangeyange, wasiohesabika, viota tawi kwa tawi, na ndege wengine wenye midomo kama miiko. Makelele. Harufu. Mabawa. Nilisahau kufunga kinywa. Darmi akacheka. Ati hao ni wageni wa ng'ombe wao, malishoni hutembea pamoja.

Leo sikulia.

Jumatano, 5 Juni

Dhoruba mchana kutwa. Alasiri nafungua mlango — Darmi na Tuneya, maji yanawachuruzika. Mti mkubwa wa ziwani umeanguka, viota na vyote. Mamba wanajiokotea. Uledi amewapeleka upande wa maji machache, nao wakaokota walichoweza: Tuneya shati limejaa, Darmi amekunja pindo la nguo.

"Hii bado hai," Darmi akaniambia. "Gusa. Iko na moyo."

Kifaranga kibaya jamani! Manyoya haba, tumbo tu na macho. Nikaweka kidole. Moyo unakwenda kama cherehani.

Walianzia kwa bwana, zahanati. Kawafukuza: dawa za serikali ni za watu. Basi wamekuja kwangu, wananitazama. Niseme nini? Nimewatia vifaranga kwenye tenga, karibu na jiko wapate joto. Na watoto nimewaapisha: kule hawarudi bila mtu mzima.

Alhamisi, 6 Juni

Wanakula! Wanakula na hawashibi. Tuneya anavua visamaki, mimi nakata vipande. Wakijaa wanatapika, wakitapika wanadai tena. Nyumba inanuka shombo mpaka kitandani. Darmi anakaa mbali, kaziba pua — kwao samaki haliwi wala haguswi. Yeye huleta panzi, kopo tele. Wadogo wanapokea, wakubwa wanatema.

Bwana anajifanya hawaoni. Lakini jioni nimekuta kifaranga mmoja mguu wake uliovunjika umefungwa kwa njiti ya kiberiti na bendeji. Bendeji ya serikali!

Jumapili, 9 Juni

Uledi alikuja. Hakutaka kukaa. Alisema kwa upole, na huo upole ndio ulioniuma: shamba limezama, nyumbani wanachemsha mizizi ya mayungiyungi, na mwanawe anapeleka samaki kwa ndege. Nikamtolea unga. Akaukataa. Nikauweka chini, nikatazama pembeni, akauchukua.

Sasa Tuneya atavua kwanza vya nyumbani, vikibaki ndivyo vya ndege. Leo havikubaki. Vifaranga wawili wamekufa. Darmi kawazika nyuma ya jiko. Hakulia. Aliketi kitako akiutazama mfereji ulio ubavuni mwa jiko.

Jumatatu, 10 Juni

Bado nina mshangao. Asubuhi nafagia, namwona Darmi ameingia mferejini, maji magotini, na kifumbu changu cha kuchujia nazi mkononi! Anachota, anamwaga, anachota. Kisamaki kikaruka ndani. Mtoto akafumba macho. Akakishika. Akaja nacho jikoni vile vile, macho nusu, akamtia yangeyange kinywani.

"Imekula, mama! Kwa mkono yangu!"

Mimi nimeshika ufagio tu. Nimekaa na masharifu na walimu wa chuo cha Kurani, lakini leo nimeona imani kwa mtoto wa kuchunga.

Kugeuka — mama yake yuko mlangoni. Barwako, mwanamke mrefu. Akaona magamba mikononi mwa binti yake. Akasema neno moja la Kiorma. Darmi akanawa, akamfuata. Hakutazama nyuma.

Jumanne, 11 Juni

Maziwa hayakuja.

Jumatano, 12 Juni

Maziwa yamekuja, kayaleta Barwako mwenyewe! Darmi nyuma yake, kichwa chini. Nikawatandikia mkeka. Nikaomba radhi: Bi Barwako, kosa ni langu, si la mtoto. Aliwatazama ndege muda mrefu, vile wanavyonyoosha shingo, vile wanavyogombana. Kisha akasema, Darmi akatafsiri:

"Mama anasema, ndama ikikosa mama yake, sisi hatufungi kwa nyumba. Tunapeleka kwa ng'ombe ingine yenye maziwa. Ikipiga teke leo, kesho tunarudisha tena. Anauliza: huko ziwani mama zingine zimekwisha?"

Tuneya, aliyekuwa akilisha ndege, ananitazama, mimi namtazama Tuneya. Hatukuwahi kufikiri! Bwana, kumbe yuko dirishani, akacheka peke yake.

"Na samaki?" nikamuuliza Barwako.

Akaukamata mkono wa binti yake, akaugeuza huku na huku, akajibu mwenyewe kwa Kiswahili: "Mkono unaoshwa."

Jumamosi, 15 Juni

Naandika mtumbwini, penseli inaruka. Uledi kajitolea mwenyewe kutuleta. Barwako hajapata kupanda mtumbwi maishani mwake. Kanishika kiuno njia nzima, anasoma dua. Watoto na tenga katikati.

Uledi kachagua kichaka kifupi kilichojaa vifaranga wa kimo kimoja na wetu. Ndege wakubwa wakapaa wote kwa pamoja — mbingu ikawa nyeupe, upepo wa mabawa ukatupiga usoni! Tuneya akainuka, Darmi akawa anampa mmoja mmoja, naye akawapanga matawini. Sasa tumejificha kwenye matete. Uledi katuamuru kimya, hata kukohoa marufuku. Basi naandika.

Wakubwa wanarudi. Kila mmoja kiotani kwake, kwa wake. Wetu wamesimama midomo wazi, wanalia, hakuna awatazamaye. Darmi kauma pindo la nguo. Barwako ananong'ona, Darmi hatafsiri.

Mmoja ametua. Tawi la wetu. Koo limemvimba, ana chakula. Anamtazama mdogo wetu. Amemdonoa! Mdogo amerudi nyuma, karibu aanguke majini. Barwako kanibana mkono: ngoja.

Mdogo anasogea tena. Ameushika mdomo wa yule mkubwa, anauvuta chini kudai chakula, anauvuta —

Yule mkubwa hajatoa kitu. Wala hajaruka. Akikataa leo, kesho tutarudi, kama ndama wa kina Barwako.