Wimbo wa Mwanangu Uko Namba Mbili, na Bangili Bado Ziko Kwenye Kopo

Mpendwa Bi Perihan,

Pokea salamu zangu kutoka Eskişehir. Mimi ni msomaji wako tangu gazeti lenu likiwa bado linaacha wino vidoleni, nimesoma shida za watu miaka yote hiyo nikitikisa kichwa, na leo zamu imenifikia mimi kuomba msaada, nao nauhitaji kabla ya Alhamisi, kwa hiyo tafadhali barua yangu usiiweke chini ya hizo za wake waliokosana na mawifi zao. Ningepiga simu kwenye kipindi cha ushauri redioni, lakini huko wangenijua kwa sauti, maana siku hizi sauti yangu inajulikana, na nitakueleza kwa nini. Jina langu ni Nadide, nina miaka themanini na mbili, shule niliishia darasa la tano. Jina langu usilichape. La mwanangu chapa tu, ni zuri: Tuncay.

Ndiyo, Tuncay yuleyule, mpiga gitaa wa bendi ya Korongo wa Chuma. Najua umeshtuka, wengi wanashtuka, hata daktari wa macho alishtuka, akaacha kunipima akaanza kuniimbia.

Wako wanne, Bi Perihan, na mdogo wao ana miaka hamsini na minane. Mpiga ngoma anakwenda na mto wake wa kukalia, mwimbaji amewekewa goti jipya, na kwa miaka ishirini na mmoja hawakutoa wimbo hata mmoja, watu wakasema hao basi tena, waacheni wapige kwenye harusi za wenye mvi wenzao. Kisha baridi ilipoisha mwaka huu wakatoa wimbo unaitwa "Bangili Sita", ukaingia kwenye chati ya redio, zile nyimbo ishirini za kila Alhamisi, kwenye namba kumi na saba. Jirani yangu Mualla akaja na uso wa huruma, akaniambia, "Shoga, kumi na saba si karibu na mkiani?" Nikamwambia, "Na wa kwako anayeuza mapazia yuko namba ngapi?" Akarudi kwenye chai yake. Wiki iliyofuata kumi na mbili. Halafu nane. Halafu nne. Sasa ni mbili, Bi Perihan, namba mbili, na aliye juu yao ni binti wa miaka kumi na tisa anayeimba kama ana mafua, Mungu ampe afya, lakini kiti kile si chake.

Wimbo wenyewe unaanza na mimi. Tuncay alinirekodi kwa simu bila kuniambia, kwa hiyo kabla ya gitaa kulia unasikia sauti yangu: "Tuncay, umekula?" Sasa nikipita sokoni wauza mboga wote wananipigia kelele, "Tuncay, umekula?" na nanasi la bure nilishapewa. Ubeti wa kwanza unasema mama alivua bangili zake sita za harusi, akaziuza, akamnunulia mwanawe gitaa la umeme, na mkono wake ukabaki mtupu. Wanawake wanalia. Nimewaona kwa macho yangu, saluni, na dawa ya nywele kichwani. Ubeti wa pili ni wa baba, unasema baba hakunipa hata msumari wa kulitundikia. Hapo watu wanacheka na kupiga makofi, vijana wanaufoka ule mstari mitaani, hakunipa hata msumari, hakunipa hata msumari.

Sasa nisikilize. Bangili zangu sikuuza.

Bangili zangu ziko jikoni, rafu ya juu, ndani ya kopo la ngano ya kupikia, zote sita, zimefungwa kwenye soksi. Ziko humo miaka arobaini na minne. Tumehama nyumba mara mbili, mtaa huuhuu, na kopo nimelibeba mwenyewe mapajani.

Aliyenunua lile gitaa ni Rasim, mume wangu, Mungu amrehemu. Rasim alikuwa fundi wa karakana ya reli, mikono kama koleo, lakini jioni akirudi na kunawa alikuwa anashusha saz yake ukutani, chombo chetu cha zamani cha nyuzi, ile ya marehemu baba yake, anapiga taratibu mpaka chakula kiive, na mimi nilikuwa nachelewesha chakula makusudi. Ile shingo ndefu ya saz ilikuwa imelika pale anapoweka kidole gumba. Tuncay alipofika miaka kumi na sita akaanza wazimu wa gitaa la umeme, na baba na mwana wakawa hawapikiki chungu kimoja. Rasim anasema, "Hicho si chombo, hicho ni pasi yenye nyuzi." Tuncay anasema, "Na hicho chako ni ufagio." Basi ni nyumba gani hiyo.

Siku moja Rasim akarudi na kitu kirefu ndani ya gunia la makaa, akakilaza juu ya meza ya jikoni. Nikageuka nikatazama ukutani. Saz haipo.

"Nimebadilishana," akasema. "Mpe mtoto. Mwambie umeuza bangili."

"Wewe Rasim, kwa nini usimpe mwenyewe?"

"Nikimpa mimi atalipiga mwezi mmoja, halafu atalitupa uvunguni. Akijua silitaki atalipiga mpaka vidole vitoke damu. Namjua. Yule ni mimi mtupu."

"Na akikuchukia?"

"Achukie. Ilimradi apige."

Akachukua mkate, akauweka mbele yangu, akasema weka mkono uape. Nikaapa juu ya mkate kwamba mtoto hatajua. Kwenye ule msumari wa saz Rasim akatundika kalenda ya benki, na Tuncay alipouliza saz iko wapi akaambiwa ameiazima mjomba wa Kütahya. Hakuuliza tena, alikuwa na gitaa. Msumari ule Rasim aliung'oa kila tulipohama, akaupigilia ukuta mpya na kutundika kalenda ya benki, iko pale mpaka leo.

Na akapiga, Bi Perihan! Alipiga mpaka Mualla akahamisha kitanda chake upande wa pili wa nyumba. Mwaka wa themanini na tisa wimbo wao ulifika namba sita kwenye chati ya jarida, nikawaonyesha watu wote, hata wasiojua kusoma. Rasim nilipomwonyesha akaomba chumvi. Baada ya kumzika, rafiki zake wa karakana wakaniambia alinunua kaseti kumi na mbili akawagawia, kila mmoja anamwambia, "Chukua, kelele za mwanangu." Na ndani ya kofia yake ya kazi, chini ya kitambaa, nilikuta kile kipande cha jarida, namba sita imezungushiwa kalamu ya seremala.

Ungefikiri hapo ningesema. Sikusema. Kwanza ni kiapo. Pili, nitakuambia kweli kwa kuwa sikuoni uso, nilizoea. Kwenye harusi ya Tuncay nilikwenda mikono mitupu, wanawake wakanong'ona, "Ndiye yule aliyeuza dhahabu yake kwa ajili ya mwanawe," na mimi nikainua kidevu. Na mwanangu, mwanangu mwenye moyo wa dhahabu, aliapa atazirudisha zote. Kila wakitoa kaseti au santuri mpya ananivisha bangili moja. Ameshanivisha tano. Zile ninazivaa kila siku, nimezivaa hata sasa, zinagonga meza ninapoandika.

Ya sita ameshainunua. Jumatano anakuja kwa treni kutoka Istanbul, atalala kwangu, na Alhamisi tunakwenda wote redioni, chati inasomwa moja kwa moja, na wakitajwa namba moja atanivisha bangili ya sita hapohapo. Mtangazaji amenipigia simu, kijana mwenye adabu, akasema, "Mama, na wewe utatusimulia siku ile ulipokwenda kwa sonara, sawa? Bangili moja baada ya nyingine, tusikie." Nikasema sawa mwanangu. Nilipokata simu nikatafuta kalamu.

Nikisema kweli nimevunja kiapo cha mkate na nimemharibia mtoto wimbo wake wakati unapanda, maana watu wameupenda kwa sababu yangu, na Tuncay ana miaka sitini, chati haitamngoja tena miaka ishirini na mmoja. Nikinyamaza, nitanyoosha mkono nchi nzima ikisikiliza, nipokee shukrani ya kitu alichokifanya Rasim, huku Rasim akichekwa kwa msumari. Juzi mjukuu wa Mualla alikuwa anaufoka ule mstari kwenye ngazi, nikamtupia kandambili. Nifanye nini, Bi Perihan? Mwanangu anapenda ukweli, lakini hajawahi kuupata kutoka kwangu.

Mimi mama wa kopo la ngano,
Eskişehir

*

BI PERIHAN ANAJIBU

Mama yangu, umeniambia nifiche jina lako, kisha ukanitajia bendi, wimbo, mji, karakana na jirani. Hata paka wa Eskişehir wangekujua. Ndiyo maana sikuchapa barua yako ilipofika; nilikupigia simu Jumatatu nikakusomea majibu haya, na leo nayachapa kama nilivyokusomea, kwa ruhusa yako, jina likiwemo kwa kuwa ulisema sasa liandikwe, tena kwa herufi kubwa. NADIDE. Umeridhika?

Haya, tuanze na kukukaripia, maana ulikuja kwa hilo pia. Usinililie kwa mkate. Kiapo kilikuwa na kazi, kumlinda kijana wa miaka kumi na sita asikose mtu wa kushindana naye. Kijana huyo ana miaka sitini na mwenzake ana goti la kuwekewa. Kazi ya kiapo ilikwisha zamani. Pengine iliisha siku Rasim alipozungushia ile namba sita kalamu. Kuanzia hapo hukunyamaza kwa ajili ya Rasim. Ulinyamaza kwa sababu sifa ni tamu, na wewe una mdomo unaopenda tamu. Umekubali mwenyewe, nami nakuheshimu kwa hilo, lakini kukubali kwenye barua si kukubali.

Na usijipunje. Mwanamke aliyekaa miaka arobaini na minne bila kuvaa dhahabu yake ya harusi, akahudhuria harusi ya mwanawe mikono mitupu wakati bangili ziko juu ya jiko, naye amezitoa. Hukuziuza, ila hukuwa nazo. Lakini sadaka yako ilikuwa nusu, Mama Nadide. Nusu nyingine ni saz ya Rasim iliyokuwa inaning'inia ukutani, na hiyo ndiyo inayochekwa mitaani.

Unaogopa wimbo utashuka. Huenda ukashuka. Unaweza kushuka hata ukinyamaza, kwa kuwa binti mwenye mafua naye ana mama yake. Chati ya Alhamisi hii itafutwa na chati ya Alhamisi ijayo, wewe unalijua hilo, umeifuatilia tangu kumi na saba. Lakini mwanao akisimama kwenye kaburi la baba yake, anasimama na ubeti wa pili, na huo hakuna Alhamisi itakayoufuta isipokuwa wewe umwambie.

Kwa hiyo fanya hivi. Redioni usiseme kwanza. Mtoto hasikii habari ya baba yake pamoja na wasikilizaji. Mwambie nyumbani, Jumatano, akishafika. Utasema hujui pa kuanzia. Basi usianze kwa maneno. Shusha lile kopo mchana, au mwite Mualla akushushie, una miaka themanini na mbili usipande kiti. Mkono wa kulia vaa zake tano. Mkono wa kushoto vaa zako sita. Akibisha hodi, mfungulie mlango kwa mikono yote miwili. Mwache ahesabu. Akimaliza kuhesabu atauliza, na akiuliza utajua la kusema, maana umelibeba mapajani nyumba hadi nyumba. Kisha mpe ile kofia.

Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki, na amerithi. Usimfuate chumbani na sahani ya chakula kila dakika tano. Ngoja atoke mwenyewe, ndipo umuulize kama amekula.

Ubeti wa pili ni wake. Auimbe ulivyo, aubadilishe, aufute, usimshauri. Mtangazaji mwenye adabu mwambie hadithi ya sonara hamna, akitaka nyingine amuulize Tuncay. Namba itakayotajwa, moja au kumi na tisa, mpigie makofi, hilo unaliweza kuliko sisi wote.

Na bangili ya sita usiipokee, Mama. Mwambie airudishe dukani, na badala yake akutafutie saz, hata ya zamani, hata yenye ufa, iliyolika shingoni mahali pa kidole gumba. Jumatano asubuhi, kabla treni haijafika, ondoa ile kalenda ya benki. Aingie aukute msumari wazi, maana kumbe baba alikuwa nao, na alimwachia.